Kila nikimfundisha kijana anaondoka. Nimfunge kwa mkataba?

Mama Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mratibu wa shirika dogo lisilo la kiserikali wilayani Tunduru, mkoani Ruvuma. Tunafanya kazi na wakulima wa ufuta na mbaazi, pamoja na vikundi vya kuweka na kukopa, katika kata mbili zilizo kusini mwa mji, kuelekea mto Ruvuma. Ofisi iko Tunduru mjini. Nafasi za afisa mradi ni mbili, kila mmoja na kata yake, na mkataba unawataka waishi hukohuko kwenye kata.

Shida yangu ni kwamba hawakai. Nachukua kijana mwenye shahada, wa SUA, chuo kikuu cha kilimo kule Morogoro, au wa Chuo cha Mipango Dodoma, namfundisha kazi, namtambulisha kwa wenyeviti wa vijiji, anaanza kuzoeleka kwenye vikundi, halafu huyo anaondoka. Mwingine hata mwaka hafikishi. Aliyetoka juzi niliamini kabisa kwamba huyu ndiye. Mchapakazi, ufuta anaujua, wazee wanampenda. Ijumaa moja jioni nikakuta ufunguo wa pikipiki na helmeti juu ya meza yangu, na kwenye simu ujumbe wa WhatsApp: samahani bosi, majina ya ajira za Serikali yametoka Ajira Portal, nimepangiwa Kakonko, Kigoma, natakiwa kuripoti haraka. Basi.

Kabla yake aliondoka binti. Huyo kwa vikundi vya akina mama hakuwa na mfano. Baada ya miezi kadhaa aliniomba nimruhusu akae mjini awe anakwenda kijijini na kurudi. Nikamkatalia, maana mkataba ni kuishi kwenye kata, na mwenzake anaishi bila shida. Akaacha kazi, akasema ni sababu za kifamilia. Sasa ameniandikia anaomba awe ananitaja kama mdhamini kwenye maombi yake ya kazi. Sijamjibu. Kusema kweli bado nina kinyongo.

Mshahara si mbaya kwa huku kwetu, ni laki saba kwa mwezi. Mikataba ni ya mwaka mmoja mmoja kwa sababu mfadhili anatupa fedha kwa mwaka. Pikipiki ipo. Mafuta wananunua wenyewe, mwisho wa mwezi wanaleta risiti, na fedha zikiingia tunawarudishia. Hapo huwa kuna kuchelewa kidogo, wiki tano au sita, lakini hakuna aliyewahi kudhulumiwa hata senti. Vyumba wanapanga wenyewe.

Juzi nilikwenda kukiarifu kikundi kimoja kwamba tutaleta mtu mpya. Mweka hazina wao, mama mtu mzima, akaniuliza mbele ya wote: "Na huyo tumpikie pilau ya kumkaribisha, au tungoje kwanza tuone?" Watu wakacheka. Mimi nilishindwa.

Bodi imegawanyika. Mjumbe mmoja anataka tushike vyeti halisi vya kila tunayemwajiri mpaka amalize miaka mitatu, na anayetoka kabla alipe gharama za mafunzo. Mwingine anasema tuachane na wenye shahada, tuchukue vijana wa kidato cha nne wa hapahapa, tuwalipe kidogo, hawa hawana pa kwenda. Mimi naona vijana wa siku hizi hawana moyo wa kujitolea, wanataka mjini na simu tu. Kwa sasa kata zote mbili zinashikiliwa na kijana mmoja aliyebaki, na naye namwona anachungulia simu sana. Nifanyeje nimpate atakayekaa?

Mratibu, Tunduru

*

Marahaba, baba. Pole na kazi.

Unasema vijana wanataka mjini. Lakini kijana uliyemsifu kuliko wote hakwenda mjini. Umeandika kwa mkono wako kwamba kapangiwa Kakonko. Kakonko ni wilaya iliyomegwa kutoka Kibondo mwaka 2012, huko karibu na mpaka wa Burundi, na mtumishi mpya wa halmashauri hapelekwi huko akakae makao makuu ya wilaya ale chipsi. Anapelekwa kata. Kwa hiyo kijana wako ameivuka nchi nzima, kutoka mto Ruvuma hadi jirani na Burundi, kutoka kijijini kwenda kijijini. Kijiji hakikumkimbiza. Tutafute kilichomkimbiza.

Kwanza jua alichofuata: ajira ya kudumu yenye pensheni, bima ya afya yake na ya wategemezi wake, na hati ya mshahara ambayo benki ikiiona inampa mkopo wa kumwezekea mama yake nyumba. Kwa hayo shirika dogo haliwezi kushindana na Serikali, na usipoteze usingizi ukijaribu. Kijana yeyote mwenye akili atakayekuja kwako ana akaunti Ajira Portal. Mchukue ukijua hivyo. Kazi yako ni kuhakikisha kwamba yale mengine yote, yaliyo ndani ya uwezo wako, hayamsukumi atoke kabla hata hajaitwa.

Sasa twende kwenye hizo laki saba ambazo unasema si mbaya. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, asilimia 10, 70,000. Kodi ya mshahara kwenye 630,000 zinazobaki, kwa viwango vinavyotumika sasa, 42,000. Kama alisomeshwa kwa mkopo, na kwa watoto wa wakulima shahada bila mkopo ni nadra, Bodi ya Mikopo inachukua asilimia 15 ya mshahara, 105,000. Mkononi zinafika 483,000. Hapo hajalipa chumba, hajala, hajanunua vocha, na nyumbani kwao wameshajua mtoto kapata kazi ya shirika, kwa hiyo simu zinaingia.

Kisha yanakuja mafuta, na hapa ndipo niliposimama nikakisoma kipande chako mara ya pili. Kata ya vijiji vilivyotawanyika, lita tano kwa wiki ni ubahili, lakini tuseme tano. Wiki sita za kungoja marejesho ni lita 30. Kwa shilingi 3,000 tu kwa lita, na wewe unajua petroli ya chupa kijijini ina bei yake, hiyo ni 90,000. Maana yake muda wote anaofanya kazi kwako, kijana anaidai ofisi karibu moja ya tano ya kile anachopokea kwa mwezi. Ofisi yako inakopeshwa na mtumishi wake wa chini kabisa, bila riba na bila tarehe ya kulipa. Hivyo vikundi vya kuweka na kukopa unavyovisimamia visingekubali masharti hayo hata dakika moja.

Unasema hakuna aliyedhulumiwa. Sawa. Lakini kijana akiishiwa mafuta wiki ya tatu haji mjini kukulalamikia, atakuja kwa mafuta gani? Anapunguza safari. Vikundi vya kando ya barabara anavifikia, vya mbali anavipigia simu, kisha anajaza fomu ya mahudhurio nyumbani kwa mkono wake. Akishaanza kujaza fomu za uongo anajidharau, na mtu anayejidharau kazini anatafuta kazi nyingine. Ulianza kumpoteza hapo, miezi mingi kabla helmeti haijakaa juu ya meza yako. Mwaka 2022 Serikali ilipogawa maelfu ya pikipiki kwa maafisa ugani nchi nzima, swali la kwanza wilayani lilikuwa hilohilo: mafuta na matengenezo kwa fungu la nani? Chombo bila mafuta ni pambo.

Toa masurufu. Mwanzo wa mwezi anapewa fedha ya mafuta, mwisho wa mwezi analeta risiti na kitabu cha safari, hesabu ikifungwa anapewa nyingine. Kama mfadhili anachelewesha, shirika ndilo lenye bodi, lenye akaunti na lenye uwezo wa kwenda kumlalamikia mfadhili, basi shirika ndilo lingoje. Hili halihitaji mradi mpya wala kikao cha mwaka. Ni saini yako na ya mhasibu.

Mkataba wa mwaka mmoja ni jambo gumu zaidi, nakubali, kwa sababu kamba iko mkononi mwa mtu mwingine. Hata hivyo angalia unavyofanya kazi. Kijana anasaini Januari. Mpaka Machi anajifunza njia na majina. Aprili hadi Agosti anakufanyia kazi kwelikweli. Septemba anauliza kama mkataba utaendelea, unamjibu "tunasubiri mfadhili," na kuanzia siku hiyo jioni zake zote ni za kutuma maombi. Ungemfanyaje? Ana wazazi na ana deni la Bodi ya Mikopo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaruhusu mkataba wa muda maalumu kwa wataalamu, na haisemi popote kwamba muda huo lazima uwe mwaka. Andika miaka mitatu, uweke kipengele cha wazi kwamba fedha zikikatika katikati mtaachana vipi, kwa notisi ya muda gani na malipo gani. Mpe mwanasheria aupitie kabla ya kusaini. Kijana anaweza kuishi na hatari aliyoelezwa, asichoweza kuishi nacho ni "tunasubiri."

Na mfadhili mwenyewe umeshamwonyesha gharama ya kuondoka kwa watu? Kaa na mhasibu mpige hesabu ya kumpata mmoja: tangazo, nauli za wasailiwa, miezi ya kujifunza, vikundi vilivyolala vikisubiri mtu, safari zako mwenyewe za kwenda kuomba radhi vijijini. Mpelekee kwenye ripoti ijayo, pamoja na ombi la fungu la nyumba na la masurufu. Wafadhili hawapendi kusoma neno "changamoto" mara thelathini kwenye ripoti moja, lakini hesabu wanaisoma.

Sasa la binti, na hapa univumilie.

Unasema mwenzake anaishi bila shida. Mwenzake ni mwanaume. Jiulize chumba cha yule binti kilikuwa wapi. Mimi naweza kukibuni bila kukiona, maana nimefanya kazi ya maendeleo ya jamii vijijini mpaka nikastaafu, na mabinti wengi wamepita mikononi mwangu. Chumba kimoja kwenye ua wa watu, mlango wa mbao wenye komeo la kusukuma, choo nje nyuma ya jiko, na kijiji kizima kinajua kwamba dada wa shirika analala peke yake na mwisho wa mwezi anapokea mshahara. Halafu yanakuja yale ambayo hayaandikwi kwenye ripoti. Kiongozi anayebisha hodi saa tatu usiku eti kupanga ratiba ya mkutano. Mwenye nyumba anayepandisha kodi baada ya kukataliwa. Kikao cha akina mama kinachoanza saa kumi na moja kwa sababu ndiyo wametoka shambani, kinaisha giza limeingia, na yeye ana kilomita za kurudi peke yake na pikipiki, huko ambako hata tembo wanapita mashambani. Sisemi ndilo lililompata wa kwako. Nasema alikuwa hodari kuliko wote, na mtu hodari alikuomba jambo moja tu, kulala mjini. Hilo si deko. Ulijibiwa swali ambalo hukuuliza, ukalifunga kwa kifungu cha mkataba.

"Sababu za kifamilia" ni maneno tunayoyatumia wanawake tunapotaka kutoka salama mahali, na bado tutamhitaji bosi awe mdhamini. Kwa hiyo mjibu leo, kabla hujafanya lolote katika haya mengine. Mwandikie barua nzuri, useme ukweli ule ulioniandikia mimi, kwamba kwa vikundi vya akina mama hakuwa na mfano. Akishapata kazi mpigie simu, umuulize kwa heshima kilichomwondoa. Akikwambia, sikiliza bila kujitetea. Akisema ni familia, muage vizuri na usirudie.

Kwa watakaokuja, shirika lipange nyumba kwa jina lake, si mtumishi kuzunguka na begi akiomba chumba. Na achana na habari ya mtu mmoja kata moja. Tafuta kijiji kimoja kilicho katikati ya kata zako, chenye sekondari na zahanati, wote wawili wakae hapo. Mlango wa chuma, choo ndani ya ua, umeme au sola, chumba kimoja cha ziada kwa kazi za ofisi. Kama mmoja ni wa kike na mwingine wa kiume, panga nyumba mbili zinazotazamana, maana kijiji kitasema na hutaweza kukizuia. Watakwenda kwenye vikundi na kurudi. Sababu ya kusisitiza sekondari na zahanati ni watu: pale kuna walimu na wauguzi, vijana wenzao waliopangiwa kutoka mbali, wa kupika nao Jumapili na kuangalia nao mpira. Upweke unawaondoa vijana wengi kuliko vumbi. Na mwenzako wa kazi akiwa jirani, ukigombezwa na mwenyekiti asubuhi unapata wa kumsimulia jioni.

Wenzetu wa afya walikutana na shida yako mapema. Taasisi ya Benjamin Mkapa ilipoanza kupeleka wahudumu kwenye wilaya za pembezoni, katikati ya miaka ya 2000, iliwapa mikataba ya muda maalumu, na baadaye ikajenga nyumba za watumishi karibu na vituo vya afya. Huna fedha za kujenga. Za kupanga hukosi.

Kuhusu kushika vyeti, jibu ni hapana, na mwambie mjumbe wako hivyo kwa adabu. Kwenye usaili tazama vyeti halisi, baki na nakala zilizothibitishwa, mrudishie mwenyewe vyake. Anayebaki kwako kwa sababu vyeti viko kwenye kabati lako atabaki mwili tu. Atakuja kazini, atasaini, na vikundi vitakufa huku yeye yupo. Tena habari hizo zitafika Morogoro na Dodoma kabla ya tangazo lako lijalo. Mkitaka kumpeleka mtu kozi ndefu ya kulipia, hapo mnaweza kukubaliana kabla, kwa maandishi na kwa hiari yake, kwamba atatumikia muda fulani. Lakini kumwonyesha njia ya kwenda kwa mwenyekiti wa kijiji hakuitwi gharama za mafunzo.

Ile Ijumaa ya helmeti, hapo una haki ya kununa. Kwa anayelipwa kwa mwezi, notisi ya kisheria ni siku 28, na inamfunga yeye kama inavyokufunga wewe. Ila chunguza pia kwa nini aliona ni rahisi kuacha ufunguo mezani kuliko kukaa na wewe akuambie. Pengine aliogopa vyeti vyake vingekwama.

Huyo mjumbe wa pili ana nusu ya jambo zuri. Kutafuta watu wa eneo lenyewe ni ushauri wenye ushahidi. Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo wa kuwabakisha watumishi wa afya vijijini, mwaka 2010, na likauhuisha mwaka 2021, moja ya mapendekezo yake makubwa ni kuwachukua na kuwasomesha wanafunzi waliokulia vijijini, kwa sababu hao ndio wenye uwezekano mkubwa zaidi wa kwenda kufanya kazi huko na kubaki. Ufuta hauna tofauti na zahanati kwa hilo. Mtoto wa Tunduru, Namtumbo au Nanyumbu hashangai njia ikikatika masika, na vijiji vyenu vingi Kiyao ni lugha ya nyumbani, kwa hiyo bibi wa kikundi hatamwita mgeni.

Nusu yake nyingine ni mbaya. "Tuwalipe kidogo, hawana pa kwenda" ni maneno ya mwenye shamba na kibarua. Mwenyeji alipwe mshahara wa nafasi. Na kidato cha nne peke yake hakitoshi kwa kazi uliyoieleza. Tazama katikati, wenye stashahada: vyuo vya kilimo vya MATI, LITA kwa mifugo, Taasisi ya Maendeleo ya Jamii Tengeru. Hawa wamezoea kushika jembe na kushika daftari, wengi wamefanya mafunzo kwa vitendo kijijini, na kwa laki saba yako hawatajiona wameonewa. Waandikie wakuu wa vyuo, uliza wana wahitimu gani kutoka wilaya zenu, na pokea wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo kila mwaka. Miezi miwili ukimwangalia mtu akihangaika na kikundi kinachogombana itakueleza zaidi kuliko usaili wa nusu saa. Tahadhari tu kwamba mwenyeji ana jamaa. Shangazi yake ataomba mkopo wa kikundi bila dhamana, na mjomba atataka jina lake liwe la kwanza kwenye mbegu. Usimpange kijiji chake mwenyewe, mpange kata ya jirani.

Hao wa kidato cha nne wana kazi nyingine, na kwangu mimi hii ndiyo itakayokuokoa. Kila kikundi kiwe na mkulima mwezeshaji, kijana wa hapohapo anayelima ufuta wake mwenyewe, anayefundishwa na afisa wako, anayelipwa posho inayoeleweka, na anayetunza daftari la kikundi. Afisa akiondoka, kikundi kinabaki na mtu, daftari na shamba darasa. Sasa hivi kazi yako yote iko kichwani mwa mgeni mmoja mwenye pikipiki. Akienda Kakonko anaibeba kichwani. Ndiyo maana yule mama wa hazina anakuuliza habari za pilau. Wamechoka kumsimulia kila mgeni historia ya kikundi upya.

Na ndiyo maana siwezi kukujibu swali lako kama ulivyoliuliza. Wa kukaa milele usimtafute. Tafuta wa miaka mitatu mizuri, uipange miaka hiyo tangu siku ya kwanza. Mwaka wa kwanza ajifunze. Wa pili aongoze: ripoti aandike yeye na jina lake liwepo, mfadhili akija yeye ndiye asimame kwenye shamba aeleze, msimu ukikaribia umpeleke TARI Naliendele kule Mtwara, ambako utafiti wa ufuta na korosho unafanyika, akae na watafiti siku chache arudi na kitu kipya. Wa tatu amfundishe atakayempokea, na wakae pamoja mwezi mzima kabla hajaondoka. India kuna shirika linaitwa PRADAN, tangu mwaka 1983 linapeleka vijana wasomi vijijini, na wanaoanza wanapitia mwaka wa uanagenzi, sehemu yake wakiishi na wanakijiji, ndipo pande zote zijue kama zinafaana. Kijana anayetoka kwako akiwa mtu mzito kuliko alivyoingia ni tangazo linalotembea. Huko Kakonko atakutana na watu, na watamuuliza alijifunzia wapi ufuta.

Nikija kwenye moyo wa kujitolea, baba, tusidanganyane. Kizazi changu tulikaa vituoni miaka na miaka, tunapenda kusimulia uzalendo wetu, na uzalendo ulikuwepo. Lakini pia tulipewa nyumba ya mtumishi, mshahara ulikuwa wa Serikali, na hapakuwa na simu ya kutuonyesha nafasi za Mwanza saa mbili usiku. Tukinyimwa hivyo vitatu tungekimbia pia.

Jambo dogo la mwisho kabla sijasahau: tangazo lako. Nina hakika limeandika "awe tayari kufanya kazi katika mazingira magumu." Karibu matangazo yote ya vijijini yanaandika hivyo, nami nachukia sentensi hiyo, kwa sababu maelfu ya watu wanaishi kwenye hayo mazingira na wewe unakuja kuwaletea maendeleo. Tena haimwambii msomaji kitu. Andika kituo kiko umbali gani kutoka Tunduru mjini, mtandao gani wa simu unashika, nyumba ikoje, masurufu ni kiasi gani, likizo ni siku 28 kwa mwaka na hazitaliwa na vikao. Waliofaulu usaili walete walale kijijini siku mbili kwa gharama yenu kabla ya kusaini. Atakayeghairi baada ya siku mbili amekuokolea mwaka.

Litoke Agosti, usaili uwe Septemba, waingie Oktoba, njia zikiwa kavu na kabla shughuli za kupanda hazijaanza. Na usiliandike peke yako. Muite huyo kijana aliyebaki, anayechungulia simu. Kwanza mlipe mafuta yote anayoidai ofisi, siku hiyohiyo, ndipo umkalishe akusomee rasimu na akuambie ni sentensi zipi si za kweli.